Dawa ya injini inasifiwa kila siku kwenye grupu letu, nitajuaje nani kalipwa?

Swali: "Mimi ni mmoja wa maadmini wa grupu la wapenda magari, tuko watu kama 14,000, tulianza kwa kusaidiana tu, fundi mzuri yuko wapi, spea original zinapatikana duka gani, mambo hayo. Tangu mwezi wa nne kuna dawa moja ya kuchanganya na oili inatajwa karibu kila siku. Hamna anayeiuza waziwazi. Mtu akisema gari yake inakula oili wanatokea wawili watatu, 'mimi nilitumia hii ikaacha kabisa'. Nikanunua, shilingi 95,000, IST yangu inakula oili vilevile. Nilipoandika hivyo nikashambuliwa, nikaambiwa nimetumwa na washindani, mwingine akasema mwanamke utajua nini kuhusu injini. Kinachoniumiza zaidi, mmoja wa wanaoisifia ni mzee wetu, fundi wa siku nyingi ambaye kila mtu anamuamini. Hivi ni kweli makampuni yanalipa watu waje kujifanya wanachama wa kawaida au mimi ndo nimeanza kuona vitu visivyokuwepo? Na kama ni kweli nitawajuaje, na niwafanye nini bila kumsingizia mtu?"

Dada, pole kwanza kwa maneno uliyotupiwa. Hilo la mwanamke na injini tuliache hapohapo, maana kati yenu wote wewe ndo uliyevuta kijiti cha oili ukaangalia, wao wameleta maneno matupu.

Ni kweli, hii kazi ipo. Ina bei, ina wasimamizi, ina watu wanaolipa kodi ya nyumba kwa kuifanya. Nimekaa miaka kwenye matangazo ya mtandaoni kabla sijahamia upande wa kutetea wanunuzi, kwa hiyo nakuambia kitu ninachokijua. Ila swali lako lina maswali mawili ndani yake na watu wengi wanayachanganya: kama kuna mchezo unachezwa, na nani anaucheza. La kwanza unaweza kulijibu vizuri tu ukitulia. La pili, kwa mtu anayeangalia kutoka nje na simu yake mkononi, karibu haliwezekani, na ndo maana sitakushauri uanze kuwinda watu.

Chukua mfano wa Taiwan kwa sababu ule ulichunguzwa mpaka mwisho. Mwezi wa nne mwaka 2013 nyaraka zilivuja zikionyesha Samsung ya kule inalipa watu waandike kwenye majukwaa ya wapenda simu, wasifie za Samsung na waponde za HTC, ambayo ni kampuni ya hapohapo Taiwan. Tume ya ushindani ya kule ikaingia kazini na mwezi wa kumi mwaka huohuo ikawapiga faini ya dola milioni 10 za Taiwan, kama dola 340,000 za Marekani kwa wakati ule, na wakala wa matangazo aliyehusika, OpenTide, naye akapigwa milioni 3. Walioandika walikuwa vibarua wa kukodiwa pamoja na wafanyakazi waliopangiwa kazi hiyo. Sasa angalia, Samsung wakati ule ndo ilikuwa inaongoza dunia kwa kuuza simu na simu zao zilikuwa nzuri. Kwa hiyo ile dhana kwamba anayefanya hivi lazima awe tapeli mwenye bidhaa mbovu uitoe kichwani. Dawa yako inaweza kuwa nzuri na watu wakawa wamelipwa, na inaweza kuwa haina maana yoyote na wanaoisifia hawajapewa hata mia.

Na hela yenyewe siyo nyingi kama watu wanavyodhani. Januari 2009 mfanyakazi mmoja wa Belkin, wale wa vifaa vya kompyuta, alikutwa ametangaza kibarua kwenye mtandao wa vibarua wa Amazon, anatoa senti 65 za dola kwa kila anayeandika sifa za nyota tano za bidhaa asiyoijua, na maelekezo yalisema pia utie alama kwamba maoni mabaya ya wengine hayana msaada. Kampuni ikaomba radhi hadharani. Mwaka 2013 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alizibana kampuni 19 zikalipa jumla ya zaidi ya dola 350,000, na ikaonekana waandishi wa sifa za uongo walikuwa wanatafutwa mpaka Ufilipino na Bangladesh kwa dola 1 hadi 10 kwa andiko moja. Hapa kwetu pia mtambo upo: watafiti wawili wa Kenya, Odanga Madung na Brian Obilo, walichapisha ripoti na shirika la Mozilla mwaka 2021 kuhusu vijana wa Kenya waliokuwa wanalipwa kama dola 10 hadi 15 kwa siku kusukuma kampeni tatu, maelekezo wanapewa kwenye magrupu ya WhatsApp, nini cha kuandika na saa ngapi. Hizo zilikuwa kampeni za siasa, lakini mtambo ukishakuwepo mwenye sabuni, mwenye simu na mwenye dawa ya injini wote wanaweza kuukodi.

Rudi kwenye yale maelekezo ya Belkin ya kuzima maoni mabaya, maana yanakuhusu. Watu wanadhani kazi ya chawa wa kulipwa ni kusifia tu. Nusu ya kazi ni kumnyamazisha anayesema "mimi haikunisaidia". Mmoja kama wewe, mwenye jina lake na gari lake linalojulikana, anaharibu kazi ya wiki nzima. Sisemi kila aliyekushambulia ametumwa, wapo watu wanaotetea kitu walichonunua kwa sababu hawataki kukubali hela imepotea, lakini kasi ile ya kukurukia ni kitu cha kukiweka akilini.

Kazi yenyewe inavyokwenda ni hivi. Kampuni inatoa hela kwa wakala wa matangazo, wakala anampa mtu mdogo zaidi, na huyo ndo mwenye orodha ya akaunti na watu. Mara nyingi mwenye kampuni hajui hata nani kaandika nini, anaona ripoti mwisho wa mwezi kwamba bidhaa imetajwa mara kadhaa kwenye magrupu kadhaa. Akaunti ziko za aina tatu. Kuna mpya zilizofunguliwa jana, hizo hata mtoto anazijua. Kuna za zamani zilizonunuliwa, zenye picha za harusi na salamu za Idi za miaka mitano. Halafu kuna watu halisi kabisa, wanachama wenu, wanaofuatwa inboksi na kuambiwa "kaka tunaona unaheshimika sana pale, tuna mchongo mdogo". Hawa wa tatu ndo ghali na ndo wanaotafutwa zaidi, kwa hiyo kumwamini mtu kwa sababu tu ni wa siku nyingi hakukukingi. Siku nyingi zake ndo bidhaa inayonunuliwa.

Mazungumzo yanapandwa. Mmoja anauliza, gari yangu inakula oili jamani nisaidieni. Wa pili anajibu kwa jina la dawa. Wa tatu anapinga, hizo dawa ni uongo, wizi mtupu. Wa pili anampa stori yake kwa upole. Wiki mbili baadaye yule mpinzani anarudi, "nimejaribu, naomba radhi niliwabishia". Yule mpinzani ndo sehemu ya thamani kuliko zote maana wewe msomaji ulikuwa na wasiwasi uleule na umeona umejibiwa. Na hayo yote hayalengi waliokuwa wanachati siku ile, yanalenga mamia wanaosoma kimya bila kukomenti, na yule atakayetafuta Google miezi sita mbele "IST inakula oili". Maongezi ya watu wa kawaida yana soko kubwa siku hizi, mwaka 2024 iliripotiwa Google inailipa Reddit, mtandao wa majadiliano, kama dola milioni 60 kwa mwaka kuyatumia. Anayetaka kuyachafua ana sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Unajua stendi, unakuta basi limejaa, unakata tiketi haraka usiachwe, ukishakaa "abiria" wanaanza kushuka mmoja mmoja kwa sababu walikuwa wapiga debe waliokalia viti ili basi lionekane linaondoka sasa hivi. Mpiga debe anayepiga kelele mlangoni hana neno, unaijua kazi yake na maneno yake unayapunguza mwenyewe. Kosa liko kwa yule aliyekaa kitini na begi mapajani, maana amekunyima nafasi ya kupunguza. Ndo maana mimi sina ugomvi na mtu kusifia dawa, wala na mtu kulipwa kusifia. Ugomvi wangu ni kuficha.

Sasa kwa nini nasema kumjua mtu mmoja mmoja karibu haiwezekani. Angalia kesi zinazojulikana zilivyojulikana. Samsung, nyaraka zilivuja kutoka ndani. Kampuni ya vipodozi ya Marekani, Sunday Riley, mwaka 2018 aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alianika barua pepe inayowaagiza wafanyakazi wafungue akaunti za majina ya uongo na waandike sifa kwenye tovuti ya duka la vipodozi la Sephora, na mwaka 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawashika kwa hilo. John Mackey, aliyekuwa bosi mkubwa wa maduka ya vyakula ya Whole Foods ya Marekani, aliandika kwa jina la Rahodeb kwenye mazungumzo ya Yahoo kuhusu hisa kwa miaka kama 7 au 8, anaisifia kampuni yake na kuiponda Wild Oats, mshindani wake, ambayo baadaye alitaka kuinunua, na ilijulikana mwaka 2007 kwa sababu tu FTC walikuwa na kesi nao na nyaraka zikatoka. Miaka yote hiyo anasomwa na watu makini wenye hela zao mezani na hawakumshika. Kwa hiyo usijilaumu, na usijipe kazi ambayo wao iliwashinda.

Unachoweza kuona ni kwamba kuna mchezo. Mwanachama wa kawaida anaandika "ile ya kopo jekundu sijui inaitwaje", wa kulipwa anaandika jina zima, limekaa sawa, na ujazo wa chupa. Mwanachama wa kawaida analalamikia bei, na kwa 95,000 lazima walalamike. Ukimuuliza swali la pili, injini gani, ilikuwa inakula kiasi gani kwa kilomita ngapi, ulipimaje, anakujibu hata kama vibaya, wakati mwenye maelekezo hana jibu maana maelekezo hayakufika huko, atarudia "jaribu tu utaona". Akaunti inalala wiki tatu inaamka siku oili inapotajwa. Ukiona mambo haya kwa watu kadhaa kwa mpigo kuhusu bidhaa moja, kuna kitu. Kwa mtu mmoja peke yake hayathibitishi chochote, nakuomba sana hapo.

Tena kwa dawa za injini kuna mtego wa ziada, na unawanasa watu waaminifu kabisa. Mtu gari inakula oili, anaenda gereji, fundi anamwaga oili ya zamani, anaweka mpya, saa ingine nzito kidogo kuliko ile ya kwanza, na dawa juu yake. Oili nzito peke yake inaweza kupunguza ulaji kwa muda. Yeye anaona imepungua, anaisifu dawa kwa moyo safi. Ukweli ni kwamba ringi za pistoni zilizolika au sili za valvu zilizokauka hazirudi kuwa mpya kwa kumwagiwa kitu, ila kama ringi zimeganda tu kwa uchafu dawa ya kusafisha inaweza kuzilegeza kidogo, kwa hiyo wapo wachache wanaopata nafuu ya kweli. Maneno makubwa kuliko uwezo kwenye dawa hizi hayajaanza leo wala hayajaanza kwetu, FTC ilizifuata kampuni za dawa ya injini ya Slick 50 miaka ya tisini kwa madai ya kukinga injini wasiyoweza kuyathibitisha na wakafikia makubaliano mwaka 1997.

Ndo maana kuhusu yule mzee nakusihi uende polepole. Inawezekana kalipwa. Inawezekana pia dukani anapochukua oili wanampa asilimia kidogo kwa kila chupa, kitu ambacho mafundi wengi wanakiona ni cha kawaida kabisa, au aliletewa katoni ya bure ajaribu. Inawezekana anaiamini tu. Usimuulize kwenye grupu mbele ya watu 14,000, mtu mzima ukimvua nguo hadharani hatakujibu, atajitetea na wanaomheshimu watamtetea. Mwandikie inboksi au mpigie: "Shikamoo mzee. Kuna wanachama wananiuliza kuhusu hii dawa na wewe ndo wanayekuamini. Sisi maadmini tunataka kila anayesifia bidhaa aseme kama anaiuza au alipewa, tukaona tuanze na watu wazima ili vijana wafuate. Wewe unaipata kwa mpango gani mzee?" Wengi wakiulizwa hivyo wanasema ukweli, na akisema, mshauri aandike mwenyewe. Akikataa kujibu utakuwa umejua kiasi cha kukutosha bila kumchafua.

Kwa grupu zima una njia kadhaa na kila moja ina gharama yake. Kupiga marufuku jina la dawa ni rahisi, lakini wataanza kuandika kwa mafumbo au watahamia bidhaa nyingine ya mwenye hela yuleyule, na yule aliyesaidika kweli umemfunga mdomo. Kuwaanika kwa skrinshoti kunaridhisha kwa siku mbili, halafu kila mtu anaanza kumshuku mwenzake, anayesifia fundi wake anaambiwa kalipwa, na nimeona magrupu yakifa hivyo. Isitoshe kisheria uko mahali pabaya, Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayogusa taarifa za uongo, Kenya kuna ya mwaka 2018, na kashfa ni kashfa kokote, sasa kumtaja mtu kwamba kalipwa wakati huna ushahidi ni kujiweka wewe kwenye kesi. Kuondoka ni haki yako pia ukichoka. Mimi ningefanya lile la masharti: anayesifia bidhaa, duka au fundi aseme hapohapo kama anaiuza, kalipwa, kapewa bure au ni ndugu wa mwenye nayo, na siku moja ya wiki wauzaji wajitangaze kwa uhuru. Udhaifu wake naujua, mwongo ataendelea kudanganya. Lakini muuzaji mwaminifu anapata pa kusimama, na siku mwongo akibainika unamtoa kwa kosa alilolifanya kwenye sharti alilolisoma, wala huhitaji kubishana kuhusu nia yake.

Sharti la pili ni la ushahidi, na kwa gari ni rahisi kuliko kwa vitu vingine vyote. Anayesema oili imeacha kuliwa alete picha ya kijiti na kilomita kwenye dashibodi, gari limesimama sehemu tambarare, injini imepoa, kabla na baada ya kilomita 1,000, na aseme oili ni namba ngapi na ameongeza kiasi gani katikati. Sharti hili halimshutumu mtu yeyote, na mwenye maandiko ya kukopi halivuki.

Halafu muanze na nyie maadmini wenyewe, hapa nasisitiza. Mtu mwenye akili akitaka watu 14,000 hafuati wanachama, anafuata wenye funguo. Kama hamjafuatwa bado, mtafuatwa, kwa hela ya bando, kwa bidhaa za bure, au kwa kununua grupu zima. Kaeni wote muulizane nani kashapewa nini, mkubaliane, muandike juu kabisa kila mtu aone. Kama mmoja wenu anakwepa kikao hicho, shida yenu ni kubwa kuliko dawa.

Kuna wakati mambo yanatoka mikononi mwako. Ukiletewa ushahidi wa kweli, mfano mwanachama akakuonyesha meseji alizotumiwa na wakala zenye bei na maneno ya kuandika, usiuposti. Hifadhi meseji zote na tarehe zake, ongea na mwanasheria kwanza, halafu upeleke Tume ya Ushindani, FCC, kwa Tanzania, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kwa Kenya ni Mamlaka ya Ushindani pamoja na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Wakikutishia wewe binafsi nenda polisi, usijibizane nao.

Na IST yako usiiache ikisubiri grupu litulie. Tafuta fundi mwenye kipimo cha kompresheni, siyo wa kusikiliza mlio tu, apime silinda zote nne, na aangalie valvu ya PCV, ile inayotoa hewa chafu ndani ya injini, maana ikiziba gari inakula oili na ni ukarabati mdogo. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha halafu unapotea mara nyingi ni sili za valvu, ukitoka muda wote unapokanyaga mafuta mara nyingi ni ringi. Mpaka upime, angalia kijiti kila wiki na uongeze kinapopungua, injini inakufa kwa kukosa oili kabla haijafa kwa kuila. Risiti ya ile dawa itunze pamoja na chupa yenyewe ikiwa na lebo, ukienda FCC au Shirika la Viwango, TBS, wataanzia kwenye kile kilichoandikwa pale.